Ukitaka kuonyesha filamu ya wauaji kwenye kibanda umiza

Kwanza toa watoto, hata wakilia.

Mimi pale Mwanjelwa kazi yangu ni kutafsiri sinema za ngumi, kipaza sauti mkononi, natia chumvi mpaka benchi zinapigwa. Julai iliyopita, ile baridi ya Mbeya ya kukata masikio, nikaweka The Act of Killing ya Joshua Oppenheimer, ya 2012, filamu ya watu wa kweli na mauaji ya kweli ya Indonesia, nikaitafsiri vilevile. Mzee Anwar Congo, mmoja wa wauaji wenyewe, yuko juu ya paa la ghorofa, anaonyesha alivyokuwa akinyonga watu kwa waya, kisha anacheza cha-cha. Nikatia mbwembwe. Kibanda kizima kikacheka. Usiku sikulala.

Siku hizi kabla ya kuwasha nasimama mbele dakika tano. Indonesia, 1965: majenerali sita wanauawa, jeshi chini ya Jenerali Suharto linawatupia lawama wakomunisti, na kufikia 1966 wameuawa watu wanaokadiriwa kuwa 500,000 hadi milioni moja. Suharto akatawala mpaka 1998. Usipoeleza haya watu watakaa wakisubiri vita ianze, maana filamu haina picha za wakati ule. Ina wazee tu wanaojisifu, tena wanajiigiza wenyewe.

Halafu waambie habari ya tiketi. Congo na wenzake mjini Medan walikuwa walanguzi wa tiketi nje ya sinema, na wakomunisti walipinga filamu za Kimarekani, zile zenye kujaza watu. Hapo huwa nameza mate. Riziki yangu nami imetoka humo humo.

Kwenye kutafsiri, usimwigizie mtu sauti. Neno "preman" mimi nasema "wahuni", kisha naongeza kwamba wao wenyewe wanadai maana yake ni watu huru. Linarudi mara nyingi, ndugu yangu, usilichoke. Toleo la dakika 159 achana nalo, bodaboda watakukimbia, weka fupi.

Mwishoni Congo anarudi kwenye paa lile lile, anaanza kutapika na hakitoki kitu. Zima kipaza sauti. Kuna atakayeropoka "anaigiza huyo". Usimjibu.

Majina yakianza kupita, washa tena. Waindonesia wengi walioitengeneza wameandikwa "Anonymous", kwa kuhofia maisha yao, hata mwelekezaji mwenza. Soma kila mmoja: asiyetajwa jina, asiyetajwa jina. Kuna watakaoanza kuinuka na viti vyao. Endelea kusoma, na taa usiguse mpaka la mwisho lipite.