Dawa Inakikwamisha Wapi Kirusi cha Ndui? Mwongozo wa Karatasi na Penseli

Tangu Wizara ya Afya itangaze wagonjwa wa mpox, ugonjwa wa kirusi cha jamii ya ndui, nchini Machi 2025, wanafunzi wa maabara ninaowafundisha hapa Tanga wamekuwa wakiniuliza swali lilelile kwa kila dawa wanayoisikia: inaua kirusi au haiui? Swali hilo halikufikishi mbali. Dawa nyingi za virusi vya jamii ya ndui hazikigusi kirusi kikiwa nje. Zinakorofisha kazi moja ndani ya seli, na kila kinachoitegemea kazi hiyo kinalala. Ukishajua ni kazi ipi, unaweza kukisia utaona nini kwenye darubini. Kwa hiyo chukua karatasi, penseli na kifutio. Kirusi hai hatukihitaji.

Hatua ya 1: Chora seli, na kiache kiini peke yake

Hapa ndipo wengi huteleza. Virusi vingi vya DNA hukimbilia kwenye kiini cha seli ili vitumie mitambo ya mwenye nyumba. Jamii ya ndui haina haja hiyo: kazi yake yote hufanyika nje ya kiini, kwenye saitoplazimu. Ndiyo maana inakuja na vyombo vyake, kikiwemo kimeng'enya cha kutengeneza RNA (nakala ya jeni inayotumika kujenga protini) kilichofungwa tayari ndani ya kirusi. Vaksinia, ndugu wa ndui anayechunguzwa zaidi maabarani, ana DNA yenye jozi za herufi takriban 190,000 na jeni zipatazo 200. Chora doa moja pembeni ya kiini, uliandike "kiwanda".

Hatua ya 2: Panga vituo kwa mstari

Kuingia, jeni za mapema, kuvua gamba, kunakili DNA, jeni za kati na za mwisho, kuunda kirusi, kufunikwa utando wa ziada, kutoka. Usiruke hata kimoja, maana mfuatano ndio wenye kazi hapa. Ni kama basi la Dar lililotoka Tanga asubuhi: ukisikia limeonekana Muheza na Segera ila Mkata halijafika, huhitaji kumpigia dereva kujua limekwama kipande gani.

Hatua ya 3: Weka dawa, kisha andika alama inayoacha

Anza na haidroksiurea. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA. Protini za mapema utazikuta, za mwisho hutazikuta, kwa sababu jeni za mwisho husubiri DNA mpya inakiliwe kwanza. Sidofovia nayo inaangukia kituo hichohicho kwa njia nyingine: vimeng'enya vya seli yenyewe huipachika fosfeti, halafu inajipenyeza kwenye DNA inayojengwa na kuikwamisha polimerasi ya kirusi, yaani kimeng'enya chake cha kunakili DNA. Brinsidofovia ni sidofovia iliyofungwa kwenye mafuta ili iingie kwenye seli kwa urahisi. Marekani iliiidhinisha kwa ndui mwaka 2021.

Rifampisini ndiyo ninayoipenda kufundishia, maana kila mtu anaijua kwa kifua kikuu. Kwenye bakteria inazuia utengenezaji wa RNA, kwa hiyo darasa zima huiweka kwenye kituo cha jeni. Futa. Kwa vaksinia inashika protini ya D13, ile inayofanya kazi ya jukwaa la kuupa utando umbo la duara. DNA inanakiliwa, protini za mwisho zinatoka, lakini kwenye darubini ya elektroni unaona tando zilizolegea, zimejikunja ovyo kuzunguka malighafi. Dawa ikioshwa, duara zinaanza kujitokeza ndani ya dakika chache. Hapo unajua vifaa vyote vilikuwepo, ila fundi hakuwa na jukwaa.

Tekovirimati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ndui, inakaa mbele zaidi. Inaizuia protini ya F13, inayohitajika kukifunika kirusi utando wa ziada kabla hakijasafiri kwenda seli nyingine. Angalia vizuri: virusi vinatengenezwa, vimejaa ndani ya seli, na vina uwezo wa kuambukiza. Ukipasua seli na kuhesabu, utadhani dawa haijafanya lolote. Hesabu vilivyotoka nje, au tazama madoa ya seli zilizokufa kwenye sahani: ni madogo mno.

Hatua ya 4: Jaribu kwa dawa isiyofaa

Weka asaiklovia, ile ya mkanda wa jeshi inayouzwa duka la dawa. Nayo inalenga kunakili DNA, basi mbona haisaidii? Kwa sababu inahitaji kuwashwa kwanza na kimeng'enya cha virusi vya hepesi, na kile cha jamii ya ndui hakiiwashi ipasavyo. Dawa inafika kituoni ikiwa imezimwa.

Hatua ya 5: Chora mstari kati ya seli na mgonjwa

Mstari huu uwe mnene. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti wa PALM007 uliofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yalionyesha kuwa tekovirimati haikuharakisha kupona kwa vidonda vya wagonjwa wa mpox kuliko kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Yale madoa madogo ya kwenye sahani ni ya kweli, lakini sahani haina kinga ya mwili, na haichelewi siku kadhaa nyumbani kabla ya kwenda hospitali. Mtu akikuonyesha picha ya seli na kukuuzia dawa, muulize habari za upande wa pili wa mstari.

Zoezi

Miaka ya 1960 metisazoni ilitumika huko Madras, India, kuwakinga watu waliokaa na wagonjwa wa ndui. Alama zake kwenye seli ni hizi: protini za mapema zipo, DNA inanakiliwa kama kawaida, RNA za mwisho zinatoka ndefu kupita kiasi, kisha zinavunjwavunjwa, na protini za mwisho zinakosekana. Weka penseli kwenye kituo chake kabla hujasoma mstari unaofuata.

Jibu: jeni za mwisho. Ukiiweka kwenye kunakili DNA, rudia hatua ya 3 kuanzia haidroksiurea.