Mtoto anacheua kila akinyonya? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Saa nane usiku, umemaliza kunyonyesha, mtoto kashasinzia begani, unamlaza polepole kama umebeba trei ya mayai, na kabla hujavuta shuka unasikia ule mlio kooni, shingo imelowa, shuka limelowa, hata nywele zako zinanuka maziwa. Unambadilisha, unamnyonyesha tena, na yale yanarudi tena.

Mimi ni muuguzi wa watoto, kazi yangu kila siku ni kupima uzito na kusikiliza akina mama wakilalamikia hili jambo, na bado mtoto wangu wa pili aliponianzishia akiwa na wiki tatu nilichanganyikiwa kama mtu ambaye hajawahi kushika kichanga. Kosa nililofanya ntalieleza huko mbele maana naliona kwa wengine kila wiki.

Kwanza uelewe kinachotokea, itakusaidia kujua kipi kina maana na kipi ni kupoteza muda. Pale koo la chakula linapoingia tumboni kuna msuli wa duara, unabana na kulegea kama mdomo wa mfuko wa kamba. Wa kichanga bado haujakomaa, unalegea hovyo. Tumbo lenyewe dogo, siku ya kwanza linabeba kama kijiko kimoja cha chai tu, akifika mwezi ndo linakuwa kati ya mililita 80 na 150. Anachokula chote ni majimaji, alafu muda mwingi kalala. Sasa hapo yasirudi kwa nini? Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu wanacheua angalau mara moja kwa siku, mwezi wa nne ndo inakuwa mbaya kuliko yote, baada ya hapo inashuka, na wakitimiza mwaka wengi washaacha kabisa. Kwaiyo usikae unatafuta cha kuufunga huo msuli, hamna, unafungwa na umri. Tunachofanya sisi ni kupunguza ujazo na presha tumboni huku tukisubiri.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kucheua kweli

Hii usiiruke hata kama una haraka. Kucheua maziwa yanateremka tu mdomoni, mtoto hakakamai, mara nyingine anatabasamu kabisa. Kutapika tumbo linajikaza na yanatoka kwa nguvu.

Akitapika kitu cha kijani, usisubiri kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, maana kijani ni nyongo na nyongo kwa kichanga inaweza kuwa utumbo umejisokota. Damu pia, au kitu cheusi kama unga wa kahawa, hivyohivyo. Kama ana wiki mbili hadi nane na baada ya karibu kila mlo anarusha maziwa mbali kama yamesukumwa na pampu, alafu mara tu baada ya kutapika ana njaa kama hajala, huenda mlango wa kutokea tumboni umejibana, inatibika vizuri kwa operesheni ila haingoji. Na hizi: tumbo limevimba na kuwa gumu, utosi umejaa, amelegea haamki vizuri, anakataa kunyonya, anakabwa au anabadilika rangi kuwa ya bluu, joto limefika nyuzi 38 na hajatimiza miezi mitatu. Zote za hospitali, acha kusoma uende.

Alafu kuna za kwenda kliniki bila papara: haongezeki uzito, nepi zenye mkojo zimeshuka chini ya sita kwa siku, au kucheua kumeanza ghafla baada ya miezi sita wakati mwanzo hakuwa nako.

Hatua ya 2: Pima kinachotoka

Mama akiniambia "dada, anatoa yote", nachukua kitambaa kikavu cha mtoto, namwaga juu yake kijiko kimoja cha chai cha maji, mililita 5, namwacha aangalie. Doa linatambaa, linatambaa, linakuwa kubwa kuliko kiganja. Namwaga kijiko cha pili. Hapo ananiangalia usoni na kusema "kumbe!" Maana yale aliyokuwa anaita yote ni vijiko viwili. Fanya nyumbani kwako leo, alafu linganisha na kile kitambaa cha usiku.

Mizani ndo inayosema ukweli zaidi. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto anaongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku ukigawa kwa wastani, ila usipime kila asubuhi utajitia wazimu, mara moja kwa wiki au hata kwa wiki mbili inatosha, mizani ileile, bila nguo. Anaongezeka, anakojoa, anacheka, huyo anakuchosha wewe na nguo zako tu, mwenyewe hana shida.

Hatua ya 3: Angalia unampa kiasi gani

Hapa ndo kosa langu. Wangu alikuwa akicheua mimi nasema maskini tumbo limebaki tupu, namrudishia titi, au chupa kama nimekamua. Akilia namnyonyesha. Akinyamaza dakika kumi akacheua namnyonyesha. Nilikuwa namjaza mtungi uliojaa! Na kunyonya kwenyewe kunamtuliza hata kama hana njaa, kwaiyo anakubali, na wewe unaamini ulikuwa sahihi. Mwenzangu kazini ndo aliniambia, "wewe mbona unamwongezea kila akitema, ungemwambia hivyo mama wa mtu?" Nikanyamaza.

Kwa anayetumia chupa hesabu ni rahisi. Mtoto mchanga anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa saa 24. Mwenye kilo 4 ni kama mililita 600 kwa siku nzima. Ukimpa mara sita ni 100 kila mlo, ukimpa mara nane ni 75. Maziwa ni yaleyale ila tumbo halifurikii. Sasa wewe unakuta mtu anampa mtoto wa kilo 4 chupa ya 150 kila baada ya saa tatu, zidisha mwenyewe uone. Punguza ujazo uongeze mara, ila usipunguze jumla ya siku, na maziwa ya kopo changanya vilevile kopo linavyoelekeza, usiongeze unga ili yawe mazito wala maji ili yawe mepesi.

Kwa anayenyonyesha huwezi kupima, na huna haja. Akicheua subiri. Mpe dakika, mshike wima, muangalie. Akianza kutafuta kwa mdomo na kulamba mikono hapo ana njaa kweli mpe, akilia tu huku kajipinda mgongo kama upinde, huyo hahitaji maziwa zaidi.

Hatua ya 4: Rekebisha namna anavyonyonya

Hewa anayomeza ndo inayosukuma maziwa juu ikitoka. Kwenye titi akamate vizuri, mdomo wazi, sehemu kubwa ya weusi iingie mdomoni sio chuchu peke yake, na ukisikia mlio wa "tk tk" anameza hewa, mtoe umuweke upya. Kama maziwa yako yanatoka kwa kasi mpaka anakohoa, egemea nyuma kabisa umlaze yeye juu yako, kifua kwa kifua, hapo anayavuta kupanda mlima badala ya kumwagikiwa.

Chupa usimpe amelala chali. Mkalishe nusu wima, shika chupa ikiwa karibu imelala sambamba na sakafu, chuchu ijae maziwa tu, na kila akinyonya kidogo ishushe apumue. Chupa ikiisha ndani ya dakika tano, tundu ni kubwa, tafuta chuchu ya mtoto mdogo zaidi.

Hatua ya 5: Kumbeulisha, usingoje mwisho

Wengi tunangoja amalize. Mbeulishe katikati, kila akibadilisha titi au kila baada ya mililita 30 hadi 60 za chupa. Mimi napenda kumkalisha pajani kuliko begani, maana ukimuweka begani na wewe una mifupa unamkandamiza tumbo palepale. Mkalishe ubavu kwako, kiganja chako kimoja kifuani kwake, kidole gumba na cha shahada vishike taya pande mbili (taya, sio koo!), muegemeze mbele kidogo huku mgongo umenyooka, alafu mkono wa pili upande polepole toka kiunoni kwenda juu. Kupapasa kunatosha, hamna haja ya kumpiga mgongo kama unatoa vumbi kwenye mkeka. Dakika tano mbweu haijatoka, acha endelea na mambo yako, sio kila mlo una gesi.

Hatua ya 6: Dakika 20 hadi 30 wima, kila mlo

Baada ya kula mbebe wima. Mbebe kwa maana ya kumbeba, sio kumuweka kwenye kiti cha gari au kile kiti cha kubembea, kule anajikunja katikati, magoti yanapanda, tumbo linaminywa na maziwa yanarudi zaidi. Kitambaa cha kumbebea kifuani ni sawa, pua na mdomo vionekane, kidevu kisigande kifuani. Nepi badilisha kabla ya kula, maana ukimnyanyua miguu tumbo likiwa limejaa unajua kitakachotokea, na usiikaze, vidole viwili viingie kiunoni. Kumlaza kifudifudi kwa mazoezi ya shingo kufanyike akiwa macho na kabla ya mlo. Na moshi wa sigara usiwepo karibu naye, unazidisha.

Hatua ya 7: Kulala ni chali, palipo sawa

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto anayecheua analala CHALI, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto. Najua unachoogopa, kwamba atapaliwa. Bibi yake pia ataogopa na atamgeuza kifudifudi ukienda kuoga. Mweleze hivi: njia ya hewa iko mbele ya koo, njia ya chakula iko nyuma. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa JUU ya ile ya chakula, kwaiyo maziwa yakirudi yatabidi yapande juu ndo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi inageuka, njia ya hewa inakuwa chini na maziwa yanaweza kushukia humo. Alafu ana uwezo wa kukohoa na kumeza tena. Marekani walianza kuwashauri wazazi walaze watoto chali mwaka 1992, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka karibu nusu ndani ya miaka ya tisini.

Na kuinua kichwa cha kitanda kwa vitabu au mto chini ya godoro? Nilifanya kwa mtoto wa kwanza, sifanyi tena. Hakupunguzi kucheua, mtoto anateleza, kichwa kinainama, njia ya hewa inajikunja. Vitanda vya mteremko vya vichanga vimepigwa marufuku kuuzwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2022 baada ya watoto kufa humo. Zile dakika 30 za wima ni za akiwa macho au mikononi mwako, akilala ni bapa.

Hatua ya 8: Wiki mbili, alafu ndo uongelee dawa

Fanya hayo wiki mbili mfululizo na siku tatu za mwisho uandike kwenye simu: saa aliyokula, kiasi, alicheua baada ya muda gani, alilia lini. Peleka hiyo kwa daktari, itamsaidia kuliko "analia sana".

Kama bado analia sana akila, ana ukurutu, au kinyesi kina makamasi au damu, muulize kuhusu aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe, inafanana mno na reflaksi, yaani huku kurudi kwa maziwa toka tumboni. Mama anayenyonyesha anaacha kula maziwa ya ng'ombe na vyote vilivyotengenezwa nayo kwa wiki mbili hadi nne, alafu anarudisha aone kama dalili zinarudi. Wa kopo anabadilishiwa maziwa maalumu, kwa ushauri sio kwa kubahatisha. Kuyafanya maziwa mazito kwa kitu maalumu cha kazi hiyo (sio kwa kuongeza unga wa kopo) kunapunguza kinachotoka nje, ila kwa watoto wa kopo, na kwa maelekezo, na kwa njiti uliza kwanza maana baadhi ya vitu hivyo vya kuyafanya mazito vimeshahusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo kwao.

Dawa za kupunguza asidi hazizuii kucheua. Narudia kwa sababu watu wanazinunua wakidhani zitazuia: maziwa yatatoka vilevile, yatakuwa tu hayana ukali. Tena mara baada ya kula maziwa yenyewe yameshapoza asidi, kwaiyo kile anachocheua muda uleule mara nyingi hakimuunguzi. Zimeonekana hazisaidii kilio cha mtoto asiye na shida nyingine, na zinaongeza uwezekano wa maambukizi ya kifua na tumbo. Zina watoto wake, wale ambao koo limechubuka au hawali kabisa wala hawakui. Daktari akikuandikia, muulize palepale tarehe ya kuacha, kwa kawaida anajaribiwa wiki nne alafu anaangaliwa upya. Na usitoe za mtoto wa jirani, kipimo ni kwa uzito.

Wangu alipungua mwezi wa sita, na wiki aliyoanza kukaa mwenyewe akaacha karibu kabisa. Kile kitambaa cha begani niliendelea kukivaa wiki mbili nzima, mpaka kazini wakaniuliza nasubiri nini.