Kupeleka V-Strom na wenzake nje ya lami: Mufindi, Matamba, Kitulo

Suzuki V-Strom 650, Honda CB500X, Kawasaki Versys 650, BMW F 700 GS: ukizitazama zimeegeshwa utadhani zote zimezaliwa porini. Kiundani ni pikipiki za lami zilizoinuliwa kidogo. V-Strom 650 ikiwa imejaa mafuta ina zaidi ya kilo 210, kimo cha chini ya injini ni milimita 170 hivi, na shokapu zake zinacheza sentimita 15 au 16 tu. Kijana wa Boxer aliyefunga gunia la viazi nyuma atakupita kwenye tope la Makete, na hakuna aibu hapo. Pikipiki yake ni karibu nusu ya uzito wa yako, na tairi lake jembamba linakata tope mpaka likute udongo mgumu.

Hata hivyo pikipiki hizi zinafika karibu kila kijiji chenye barabara, mradi usizilazimishe kuwa kitu kingine. Fedha ikiwa ndogo, anza na tairi na geji ya upepo. Ikibaki, tengeneza kinga ya chini ya injini. Taa za ziada na mabegi ya aluminiamu viache vya mwisho, au usinunue kabisa.

Tairi na upepo

Tairi la lami linatosha kwenye changarawe kavu. Likikutana na udongo mwekundu wa Njombe uliolowa, mifereji yake hujaa ndani ya mizunguko michache na linakuwa laini kama sabuni. Tafuta tairi la nusu kwa nusu, lenye vitalu vikubwa na mifereji mipana. Shinko 804 na 805, Heidenau K60 au Mitas E07 zinafanya kazi hiyo na bado zinavumilia lami ya TANZAM. Continental TKC 80 inashika zaidi kwenye tope, ila nyuma huisha haraka ukikimbia kwenye lami. Kama unaweza kubadili moja tu, badili la mbele. La nyuma likiteleza mara nyingi utalirudisha; la mbele likiteleza, uko chini kabla hujafikiri.

Agiza mapema kutoka Dar es Salaam. Maduka ya spea za bodaboda yana inchi 17 na 18 nyembamba, lakini 110/80 ya inchi 19 ya V-Strom hutaipata Makete. Versys ina inchi 17 mbele, kwa hiyo inazama kwenye kila shimo ambalo inchi 19 ingelivuka juu juu. Ipeleke kwenye changarawe, iepushe na mawe makubwa.

Kitabu cha V-Strom kinataka PSI 33 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako. Kwenye vumbi hizo ni nyingi mno: tairi linadunda badala ya kushika. Changarawe ngumu, weka 28 mbele na 30 nyuma. Udongo laini au tope, 25 mbele na 27 nyuma. Mchanga mzito unaruhusu kushuka hadi 22, kwa mwendo wa pole na pasipo na mawe. Chini ya hapo tatizo ni rimu. Pikipiki hizi nne zina spoti rimu, si za spoku. Jiwe moja lenye ncha likikutana na tairi lililolegea, ukingo wa rimu unajikunja au kupasuka, na kwa kuwa hakuna tyubu ndani, upepo unatoka wote papo hapo.

Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, tena kwa geji yako mwenyewe. Geji za kwenye vibanda vya upepo hazikubaliani hata zile za mtaa mmoja.

Pancha ya kawaida kwenye tairi la tyubulesi ni kazi ya dakika kumi: chomoa msumari, sugua tundu kwa kekee ya mkono, ingiza uzi wa kuzibia uliopakwa gundi, kata unaobaki nje, jaza kwa pampu ndogo ya umeme iliyounganishwa na betri. Beba nyuzi zisizopungua sita. Rimu ikijikunja, igonge taratibu kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati. Kama bado inavuja, ingiza tyubu. Ndiyo maana tyubu ya mbele hubebwa hata kama tairi ni tyubulesi. Kazi ngumu ni kulitoa tairi kwenye ukingo wa rimu: lilaze gurudumu chini, weka stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine juu ya tairi karibu na rimu, kisha iegemezee uzito.

Chini ya injini na madigadi ya mbele

Kwenye V-Strom 650, filta ya oili na bomba la ekzosi viko mbele kabisa ya injini, vimesimama kama vinasubiri jiwe. Plastiki iliyokuja nayo inazuia matone ya maji, si mawe. Kama hupati kinga ya aluminiamu ya milimita 4, fundi welding mzuri wa Mbeya au Iringa anaweza kukukatia bati la chuma la milimita 3. Mwambie mambo matatu: ishikwe kwenye fremu au vyuma vya kinga, isishikwe kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), iwe na tundu la kufungulia nati ya oili, na ibaki nafasi ya kidole kati yake na ekzosi ili joto litoke. Kinga iliyogusa sampo inahamishia kipigo chote palepale ulipotaka kupalinda.

Madigadi ya mbele ndiyo yanayowashangaza wengi. Pikipiki hizi zina madigadi ya chini, yamebana juu ya tairi. Ukiingia kwenye mfinyanzi, tope linapanda na tairi, linajaa pale juu, linakauka kwa joto, na baada ya mita mia mbili gurudumu halizunguki tena. Ukivuta mafuta unaichosha klachi bure. Dawa ya barabarani ni kijiti na uvumilivu. Dawa ya nyumbani, kama lazima usafiri masika, ni kuyainua kwa vipande vya bati na boliti ndefu hadi ipatikane nafasi ya sentimita 3 au zaidi, ukihakikisha shokapu zikizama hayagongi rejeta.

Tukiwa hapo mbele: kwenye V-Strom na ndugu yake wa lami, SV650, tundu la plagi ya silinda ya mbele linatazama gurudumu. Lina kijitundu cha kutolea maji ambacho huziba kwa tope. Maji yakikaa humo injini inaanza kukohoa na kubaki na silinda moja, mara nyingi siku moja baada ya kuosha. Kizibue kwa waya mwembamba kabla ya safari.

Mzigo, shokapu na cheni

Kilo 15 hadi 20 zinatosha safari ya siku tatu. Tumia mabegi laini. Boksi gumu la pembeni likikuta mguu wako umeshuka chini kwenye mteremko, linaukamata kutoka nyuma. Vizito (spana, tyubu, maji) viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Dumu la petroli lililofungwa juu ya keria linaifanya mbele iwe nyepesi, na mbele nyepesi kwenye mchanga haina mwelekeo.

Ukishapakia, kaza springi ya nyuma. V-Strom ina kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Lengo ni kwamba ukikaa na mzigo wako wote, nyuma ishuke kama theluthi moja ya mchezo wake, yaani sentimita 5 hivi. Ikishuka zaidi, kinga yako mpya itakuwa inalima barabara.

Cheni ipime baada ya kupakia pia. Ile ya V-Strom inatakiwa ilegee milimita 20 hadi 30. Mafundi wengi huikaza mpaka iwe kama uzi wa gitaa. Shokapu ikizama cheni inazidi kukaza na inakula beringi ya gia. Ipake mafuta jioni ikiwa ya moto, usipake asubuhi kabla ya vumbi, maana utakuwa umetengeneza msasa.

ABS

Kwenye mteremko wa changarawe ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki, inaachia breki pale hasa unapoihitaji, na pikipiki inaendelea kushuka. Kama yako ina kitufe cha kuizima, zima kabla ya kuacha lami. Isipokuwa nacho, wengine huchomoa fyuzi yake. Ukifanya hivyo jua umeizima mbele na nyuma, kwa hiyo breki ya mbele ibane kwa vidole viwili, taratibu. Fyuzi iweke mahali utakapoikumbuka.

Mikono, miguu, macho

Simama kwenye vikanyagio kila barabara inapoharibika. Magoti yabane tangi, viwiko nje, usukani ushikwe kwa wepesi. Kama ukisimama inabidi uiname, legeza boliti za usukani uuzungushe mbele kidogo. Tazama mita 20 hadi 30 mbele. Ukilitazama jiwe utaligonga.

Mawimbi ya bati, kama yale ya sehemu za vumbi za Iringa kwenda Tungamalenga, yana tabia yake: kilomita 20 kwa saa yanakuvunja mgongo, 60 hadi 70 tairi linaanza kupita juu ya vichwa vyake. Lakini hapo breki na kona zote zimepungua nguvu. Tafuta ukingo wa barabara ambao magari hayajauchimba, na kila baada ya saa moja kagua boliti za keria, saitimira na kinga ya injini. Zipake gundi ya nati ile ya bluu, inayofunguka kwa spana ya kawaida.

Kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ni shule nyingine. Kona zake wenyeji wanaziita Hamsini na Saba, na zinapanda kutoka bonde la Usangu bila kupumzika. Gia ya kwanza au ya pili ichague kabla ya kona, si ndani yake. Ukiachia mafuta katikati, injini inazima na kilo 210 zinaangukia upande wa ndani. Kona za kushoto ndizo kali zaidi kwa sababu upande wako ni wa ndani, penye mwinuko mkubwa. Piga honi, lori la viazi linaloshuka linahitaji upana wote. Ukisikia harufu ya klachi kuungua, simama dakika kumi.

Ukilazimika kusimama kwenye mwinuko, breki ya mbele peke yake haitakushika, kwani uzito wote uko nyuma na gurudumu la mbele litaburuzwa likiwa limefungwa. Kanyaga breki ya nyuma, mguu wa kushoto chini. Ukizima injini ikiwa kwenye gia, klachi inakuwa breki yako: ibane na kuiachia kidogo kidogo, urudi nyuma kwa kipimo.

Wapi na lini

Mvua za nyanda za juu kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Maua ya Hifadhi ya Kitulo yanachanua katika miezi hiyohiyo, na hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu. Kwa pikipiki hizi, Juni hadi Oktoba ndio wakati wake. Juni na Julai kuna baridi kali ya asubuhi huko juu, karibu mita 2,600, na injini itakuwa imepoteza kama robo ya nguvu yake kwa wepesi wa hewa. Usidhani imeharibika.

Anzia Mufindi: changarawe ya upole, kona nyingi, chai pande zote. Barabara za ndani ya mashamba na za msitu wa Sao Hill zina wenyewe, omba ruhusa. Hatari ya huko ni malori ya magogo. Usilipite lori ndani ya vumbi lake hata kama unadhani umeona mbele. Mzunguko wa pili uwe Chimala, Matamba, Kitulo, Kikondo hadi Isyonje. Uanzie Chimala, kwa sababu zile kona ni afadhali kuzipanda kuliko kuzishuka na pikipiki nzito. Matamba ulizia kwenye ofisi ya hifadhi kuhusu kupita Kitulo na pikipiki. Hifadhi ya Ruaha usijisumbue, pikipiki haziingii. Mbuga ya Usangu yenye udongo mweusi iache kabisa mvua ikinyesha. Rungwe hunyesha hata miezi ambayo Iringa ni vumbi.

Jaza tangi Chimala. Lita 20 za V-Strom kwenye milima zinakupa kilomita 300 na ushee, kwa hiyo petroli ya chupa ya vijijini ni ya dharura tu. Ukiitumia, ichuje kwa kitambaa.

Ikianguka

Zima injini kwanza. Ikiwa imelalia upande wa kulia, tokeza stendi ya pembeni na weka gia kabla ya kuinua, la sivyo utaiinua na kuiangusha upande wa pili. Geuza usukani mpaka mwisho, weka makalio kwenye siti, shika usukani na keria, sukuma kwa miguu, si kwa mgongo. Kwenye mteremko izungushe ikiwa imelala, magurudumu yatazame bondeni. Mkono wa klachi ukivunjika, kipande kirefu cha vidole viwili kinatosha kukufikisha. Ili isivunjike, mikono ya klachi na breki isikazwe sana kwenye usukani, ijizungushe ikipigwa.

Ikibidi kupakiwa kwenye Fuso, kamba zifungwe kwenye shina la usukani, ziikandamize mbele hadi nusu ya mchezo wa shokapu. Kamba zilizofungwa kwenye ncha za usukani huupinda.

Ukifika lami ya Isyonje, simama kabla ya kushukia Uyole: rudisha upepo 33 na 36, rudisha fyuzi ya ABS uone taa yake inazima ukishaanza mwendo, toa tope kwenye rejeta. Jioni fungua filta ya hewa. Ya karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo; ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi, na kutoka hapo linakwenda kwenye silinda.