Jinsi ya kukagua amri ya dharura wakati wa janga, kabla hujaitii kichwakichwa au kuipinga kichwakichwa

Kabla ya yote, hapa sibishani na mtu kama korona ilikuwepo au haikuwepo. Ilikuwepo, watu wamezikwa, na kuna muda serikali inabidi kweli ifunge vitu fasta. Shida ni kwamba wengi wetu tulikuwa tunasikia tu kwenye taarifa ya habari "kuanzia kesho ni marufuku" afu tunagawanyika, hawa wanatii kila kitu wale wanapinga kila kitu, na amri yenyewe hakuna aliyeisoma.

Kwa hiyo anza kwa kuitafuta hiyo amri ilivyoandikwa. Hotuba sio sheria. Mkubwa anaweza kusimama mbele ya kamera akasema "marufuku" kumbe kanuni iliyochapishwa imeandika "inashauriwa", na hapo tofauti ni kutozwa faini au kutotozwa. Ukiipata angalia imetolewa chini ya sheria ipi na kifungu kipi. Usione ni mambo ya mawakili tu, Hispania mwaka 2020 watu walifungiwa ndani kwa kutumia hali ya tahadhari, yaani ngazi ya chini ya dharura kwenye katiba yao, ikafika Julai 2021 Mahakama ya Katiba ikasema, majaji 6 kwa 5, kwamba kuwafungia watu wote majumbani kulihitaji ngazi ya juu zaidi, ile ambayo bunge linaidhinisha kwanza. Yaani hatua yenyewe pengine ilikuwa na maana, ila walipitia mlango sio.

Ukishamaliza hapo tafuta tarehe ya mwisho, na mimi hiki ndo nakipa uzito kuliko vyote. Amri inaisha lini? Nani anaruhusiwa kuiongeza, bunge au mtu mmoja na kalamu yake? Na kila ikiongezwa, wanatoa sababu mpya au wanakopi ile ya mwezi uliopita? Hungary mwishoni mwa Machi 2020 bunge lilipitisha sheria ya kuiachia serikali itawale kwa amri bila tarehe ya kuisha, kelele zikapigwa, Juni ikaondolewa, lakini mwezi huohuo ikapitishwa nyingine iliyorahisisha kutangaza dharura mpya. Na Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zilikuja kufunguka zote Januari 2022, hebu fikiria mtoto aliyekuwa ndo kwanza anajifunza kusoma.

Sasa pima hatua na lengo lake. Jiulize swali la kijinga kabisa: hiki kitu kinamzuia vipi mtu asimwambukize mwenzake? Peru Aprili 2020 waliamua wanaume watoke siku zao na wanawake siku zao, kwa hesabu za karatasini umepunguza watu nusu, lakini siku za wanawake masoko yakafurika, ndani ya siku chache wakaifuta. Angalau waliifuta. Angalia na Likoni, Mombasa, 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja jioni. Watu wametoka kazini wanakimbilia feri wawahi nyumbani, wamebanana, polisi wakawapiga mabomu ya machozi na virungu. Ugonjwa unasambaa kwa kukohoa, na hapo umewakohoza mamia ya watu wakiwa bega kwa bega, wanapangusa macho kwa mikono ileile wanayoambiwa wasiguse nayo uso. Na kafyu yenyewe ilikuwa haijaanza. Haya maswali ya sheria, ulazima, kiasi na muda sijayatunga mimi, yapo tangu 1984 kwenye Kanuni za Siracusa, mwongozo wa wataalamu wa sheria wa kimataifa kuhusu lini na kwa kiasi gani serikali inaweza kubana haki za watu.

Kuhusu apu za kufuatilia maambukizi, usiulize tu inakusanya nini, uliza nani mwingine anaweza kuifungua hiyo data na inafutwa lini. Singapore waliahidi data ya apu yao ya TraceTogether ni ya kufuatilia waliokutana na mgonjwa tu, Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuichukua kwa uchunguzi wa jinai. Sheria ya kuweka mipaka ilitungwa baadaye, watu wameshapakua.

Ukisimamishwa njiani usibishane sheria na mtu mwenye bunduki, hapo sio mahakamani. Andika saa, mahali, namba ya askari kama inaonekana, ukilipa faini dai risiti. Mahakama ndo sehemu ya kubishana na huwa zinasikiliza: Malawi Aprili 2020 Mahakama Kuu ilisimamisha lokdauni kabla haijaanza, walalamikaji walisema hakuna mpango wowote kwa maskini ambao wasipotoka hawali.

Na ile amri ya mwanzo uliyoipakua usiifute hata kama imebadilishwa mara tano, maana kesi yako kwa kawaida itaangaliwa kwa kanuni iliyokuwepo siku unayodaiwa kuivunja, na tovuti za serikali zina tabia ya kubaki na toleo la mwisho tu.