Somo: Kuielewa nadharia ya pembe za duara kwa simu, bila kukariri

Hapa Mikindani nina vijana saba wa Kidato cha Tatu wanaokuja barazani kwangu jioni kwa ajili ya hesabu. Wote walikuwa wanaiimba nadharia moja ya duara: pembe ya kitovuni, yaani katikati ya duara, ni mara mbili ya pembe ya ukingoni, zote zikitazama kipande kimoja cha duara. Siku moja binti mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, kwa nini isiwe mara tatu?" Swali lile lilinikaa moyoni. Tangu hapo nadharia hii naifundisha kwa simu kwanza, kisha daftari.

1. Pakua programu. Ingia Play Store, tafuta GeoGebra Geometry. Ilianza mwaka 2001 kama kazi ya Markus Hohenwarter alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na mwanafunzi anaitumia bure. Ikishaingia kwenye simu, kuchora na kupima hakuhitaji bando. Hata ukiwa kwenye mikorosho ambako mtandao unakatika, utafanya kazi.

2. Chora duara. Chagua zana ya duara, gusa katikati ya kioo, kisha gusa pembeni. Programu yenyewe itaandika A kwenye kitovu na B ukingoni.

3. Ongeza nukta C na D juu ya mstari wa duara. Hapa wengi wanakosea. Ukigusa pembeni kidogo, nukta inaelea nje na hesabu yote inaharibika. Ijaribu: iburute kwa kidole. Ikizunguka na duara bila kutoka, imeshika. Ikitoka, ifute uweke nyingine.

4. Unganisha A na B, A na C, D na B, D na C.

5. Pima pembe. Chukua zana ya pembe, gusa B, A, C. Halafu gusa B, D, C. Nukta ya katikati ndiyo kona ya pembe.

6. Buruta D taratibu, macho kwenye namba. Yule binti alipofika hapa alinyamaza kidogo, akaburuta tena mpaka karibu na C, kisha akasema, "Mwalimu, haibadiliki!" Pembe ya kitovuni ilikuwa 100, ya D ilikuwa 50, na D akiipeleka huku au kule ikabaki 50. Sasa buruta C. Zote mbili zinabadilika, lakini moja inabaki nusu ya mwenzake.

7. Weka simu chini, shika kalamu. Tafadhali usiiruke hatua hii. Kuona mara mia si kuthibitisha. Simu imekuonyesha kwamba ni kweli, sababu bado hujaipata.

Chora upya daftarini, kitovu kikiwa ndani ya pembe ya D. Vuta mstari kutoka D upite A hadi E, upande wa pili. Tazama pembetatu ABD. AB na AD zote ni nusukipenyo, kwa hiyo ni pembetatu pacha na pembe zake za B na D ni sawa. Ziite x. Pembe ya nje BAE ni jumla ya hizo mbili, yaani 2x. Fanya vivyo hivyo kwa pembetatu ACD, pembe zake za C na D ziite y, utapata CAE ni 2y. Jumlisha: kitovuni 2x + 2y, ukingoni x + y. Hiyo mara mbili imetoka kwenye nusukipenyo kuwa sawa, basi.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Yangu imeandika 260 badala ya 100. Niko Newala.*

Marahaba. Programu inapima kinyume na mwendo wa mishale ya saa kuanzia nukta ya kwanza, kwa hiyo imechukua upande wa nje. Gusa C, A, B, kisha C, D, B.

*Nimeburuta D ikavuka B, pembe ikaruka kutoka 50 hadi 230. Nadharia imevunjika?*

Haijavunjika, na umeuliza jambo zuri sana. Programu imepima upande wa nje tena; gusa C, D, B, utaona 130. D sasa iko kwenye tao fupi, yaani kipande kifupi cha duara kati ya B na C, kwa hiyo inaendana na ile pembe kubwa ya kitovuni, 260. Nusu yake ni 130. Tena 50 na 130 zinajumlika kuwa 180, na hapo umeigusa nadharia ya pembenne iliyo ndani ya duara.

*Kwangu inasoma 51.4 na 102.7. Mara mbili yake ingekuwa 102.8.*

Ni kukadiria tu. Pembe halisi inaweza kuwa 51.36, mara mbili ni 102.72, na kila moja imeandikwa kwa desimali moja. Ongeza desimali kwenye mipangilio.

*Mwanangu anapiga picha swali, programu nyingine inampa jibu lote. Nimkataze? Mzazi, Nachingwea.*

Usimkataze, mzazi wangu. Mwambie afunike jibu, aandike hatua zake kwanza, kisha alinganishe. Akishindwa kukueleza hatua moja kwa maneno yake, hiyo ndiyo ya kurudia.

*Programu ina Kiingereza, sisi tunaelewa kwa Kiswahili.*

Na mtihani wa Kidato cha Nne nao ni wa Kiingereza. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia kitovu, nusukipenyo, tao. Sababu zifikirie kwa Kiswahili, kisha ziandike kwa Kiingereza.

*Tuko wanne, simu moja.*

Inatosha. Mmoja anaburuta, watatu wanaandika namba wanayoitarajia kabla hajagusa. Aliyekosea ndiye anayeshika simu raundi inayofuata.