Maili 444 za Natchez Trace: mwongozo wa safari ya gari kwa watu wawili

Natchez Trace Parkway ni barabara ya hifadhi ya taifa inayoanzia mji wa Natchez, jimbo la Mississippi, ikakata pembe ya Alabama kwa maili 33 tu, na kuishia nje kidogo ya Nashville, Tennessee. Urefu wake ni maili 444, karibu kilomita 715. Malori ya biashara hayaruhusiwi, mabango ya matangazo hamna, kituo cha mafuta hakuna hata kimoja, na kuingia ni bure. Iliingizwa katika hifadhi za taifa mwaka 1938 na kipande chake cha mwisho kikakamilika 2005.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko Marekani. Wanatchez, Wachoctaw na Wachickasaw, jamii za wenyeji wa asili, waliipita karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 wakaja wachukuzi wa bonde la mto Ohio, waliopewa jina la Kaintuck. Waliteremsha mizigo kwa mashua bapa hadi Natchez na New Orleans, wakauza mzigo, wakauza na mbao za mashua kwa kuwa haikuweza kupanda mto, kisha wakarudi kwao kwa miguu kupitia njia hii. Meli za mvuke zilipoanza kupanda mto Mississippi katika miaka ya 1810, njia ikaanza kuota majani.

Ndiyo maana safari hii ifanyeni kutoka kusini kwenda kaskazini: mtafuata uelekeo wa wale watembea kwa miguu, na nguzo za maili zitahesabu pamoja nanyi, sifuri ikiwa Natchez na 444 karibu na Nashville. Kila kituo hapa chini kimetajwa kwa nguzo yake. Barabarani hakuna anwani nyingine inayosaidia.

Siku ngapi

Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa (kilomita 80), na kuna vipande vyenye kikomo cha chini zaidi. Kwenye karatasi ni saa tisa tu, na hapo ndipo watu wanapoharibu safari: wanaipangia siku mbili, wanaona miti inapita, wanafika Nashville wamechoka na hawajashuka popote. Tumieni hesabu hii: gawanyeni maili za siku kwa 40, kisha ongezeni nusu saa kwa kila kituo mtakachoshuka. Kipande cha maili 160 chenye vituo vitano kinakula saa sita na nusu.

Mpango unaokaa vizuri ni siku moja nzima Natchez, kisha siku nne za kuendesha: Natchez hadi Ridgeland karibu na Jackson (maili 100 na kidogo), Ridgeland hadi Tupelo (160), Tupelo hadi Florence, Alabama (80), na Florence hadi Nashville (110). Siku ya tatu ni fupi kwa makusudi, maana ya pili ni ndefu.

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, na tena Oktoba hadi mwanzo wa Novemba majani yanapogeuka rangi. Julai na Agosti joto na unyevu vitawafanya msitake kutoka ndani ya gari. Majira ya kuchipua ndiyo pia msimu wa tornado, yaani kimbunga chembamba chenye upepo unaozunguka kwa nguvu. Simu ikilia tahadhari, someni kama ni ya hali kuwa tayari kuzaa tornado au ya tornado yenyewe kuonekana. Ikiwa ni ya pili, tokeni barabarani mwingie jengo imara, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Chini ya daraja si mahali pa kujificha. Upepo hubanwa pale na kuongezeka nguvu.

Gari na karatasi

Natchez haina uwanja mkubwa wa ndege. Wengi hukodi gari New Orleans, kama saa tatu kutoka Natchez, au Jackson. Mkikodi mji mmoja na kurudisha mwingine kuna ada ya ziada, na huwa kubwa. Linganisheni bei ya jumla na si bei ya siku. Aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi. Chukueni leseni ya kwenu, kibali cha kimataifa cha udereva, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, kwa sababu kadi ya akiba (debit) hukataliwa mara nyingi wakati wa kuweka amana.

Andikisheni majina yenu wote wawili kwenye mkataba. Kampuni nyingi humwandika mume au mke bila malipo, lakini si zote, basi ulizeni pale kaunta. Asiyeandikwa akishika usukani na gari likagongwa, bima inaweza kukataa kulipa, na deni litakuwa lenu.

Kwa waliozoea kuendesha upande wa kushoto, makosa hutokea asubuhi wakati wa kutoka maegeshoni, na hutokea tena mnaporudi barabarani baada ya kituo kisicho na magari mengine. Asiyeendesha na aseme kwa sauti "kulia" kila mnapotoka. Kwenye taa nyekundu mnaweza kupinda kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pana kibao kinachokataza. Makutano yenye kibao cha kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu, simameni, hata kama mnatoka upande wa pili.

Mafuta

Ingieni Natchez Trace na tangi lililojaa, na likifika nusu tokeni mkajaze. Sehemu zenye mji karibu ni Port Gibson, Ridgeland, Kosciusko (maili 160), Tupelo na Collinwood (maili 355). Pampu nyingi huomba msimbo wa posta wa Marekani na kadi ya kigeni hukwama hapo. Ingieni ndani, mtaje namba ya pampu na kiasi, mlipe kwanza. Ikibaki chenji hurudishwa. Galoni moja ni lita 3.8. Petroli ya kawaida ni ile ya namba 87. Dizeli mara nyingi ina mkono wa kijani, lakini kuna vituo vinavyopaka kijani petroli, kwa hiyo someni maandishi.

Kazi ya utingo

Mmoja anaendesha, mwenzake ni utingo. Badilishaneni kila saa mbili. Utingo ana kazi tatu: kutazama nguzo na kutangaza kituo maili mbili kabla, kutunza maji na chakula, na kuizuia ramani ya simu. Hili la ramani ni kero ya kweli. Simu huona barabara kuu ina kasi zaidi na kuwatoa Natchez Trace bila kuuliza. Pakueni ramani ya eneo lote mkiwa na intaneti, maana mtandao hukatika kwa vipande virefu, kisha elekezeni simu kwenye kituo kinachofuata tu, kamwe si kwenye mji wa mwisho. Chukueni pia ramani ya karatasi ya hifadhi. Hutolewa bure kwenye vituo vya wageni.

Msizidishe mwendo. Askari wa hifadhi wanakagua, na tiketi yao ni ya serikali kuu. Waendesha baiskeli wana haki ya njia nzima: hamieni upande wa pili palipo wazi ndipo muwapite. Kulungu hutoka jioni na alfajiri. Mkimwona mmoja, punguzeni kabla hamjamwona wa pili, kwa sababu yupo.

Natchez: pa kuanzia

Mji huu unajulikana kwa majumba ya kifahari ya matajiri wa pamba, na kila brosha itawapeleka huko kwanza. Tunashauri kinyume chake. Anzeni Forks of the Road, mahali palipokuwa soko kubwa la watumwa, la pili katika kusini ya mbali baada ya New Orleans. Leo ni kiwanja cha nyasi chenye vibao vya maelezo, na ardhini kuna minyororo na pingu zilizozamishwa kwenye saruji. Inameni muziangalie kwa karibu. Tangu 2021 pamekuwa sehemu ya hifadhi ya kihistoria ya Natchez. Kutoka hapo nendeni nyumba ya William Johnson, mtu mweusi huru aliyekuwa kinyozi na aliyeandika shajara kwa miaka mingi hadi alipouawa 1851. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na maonyesho hayalifichi hilo. Baada ya hapo ingieni moja ya majumba hayo ya kifahari: Melrose, au Longwood, jumba la pembe nane ambalo ujenzi wake ulikatizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 na ghorofa zake za juu hazikumalizwa mpaka leo. Mtalitazama kwa macho mengine.

Vituo visivyofaa kurukwa

Maili 10.3, Emerald Mound. Kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono na mababu wa Wanatchez kati ya 1250 na 1600, chenye ukubwa wa ekari 8 hivi. Pandeni hadi juu. Kutoka chini huonekana kama kilima cha kawaida na wengi hugeuza gari wakidhani wamepotea.

Maili 15.5, Mount Locust, nyumba ya wageni ya miaka ya 1780 hivi, pekee iliyosalia ya aina yake kati ya zaidi ya 50 zilizowahi kuwahudumia wasafiri wa njia hii. Tembeeni pia hadi makaburi ya waliofanywa watumwa pale, nyuma kidogo.

Mkiwa na saa moja ya ziada, karibu na maili 30 tokeni kwa barabara ya 552 kwenda magofu ya Windsor: nguzo 23 za jumba lililoungua 1890, zimesimama peke yake msituni.

Maili 41.5, Sunken Trace. Hapa msipite hata kama mvua inanyesha. Ni matembezi ya dakika chache ndani ya njia ya asili, ambayo imezama hadi kingo zake zinapita kichwa cha mtu mrefu. Udongo wa eneo hili ni vumbi laini lililorundikwa na upepo zama za barafu. Hukatika wima bila kuporomoka, lakini kila unyayo na kila kwato hulegeza kidogo, na mvua hubeba kilicholegea. Karne za nyayo zikachimba mtaro. Mizizi ya miti inaning'inia hewani pembeni. Msiguse kingo wala msizipande, kwa sababu zinamong'onyoka.

Maili 54.8, Rocky Springs. Mwaka 1860 eneo hili lilikuwa na watu 2,616. Vita, homa ya manjano ya 1878, mdudu wa pamba na mmomonyoko wa ardhi vikaumaliza mji. Limebaki kanisa la 1837, na vichakani kuna masanduku mawili ya chuma ya kuhifadhia fedha, yameshika kutu.

Jackson, tengeni nusu siku kwa jumba la makumbusho ya haki za kiraia la Mississippi, lililofunguliwa Desemba 2017.

Maili 122, Cypress Swamp. Njia ya mbao inapita juu ya kinamasi kati ya miti ya saiprasi na tupelo. Dakika 20 zinatosha. Mamba wapo, basi bakini juu ya mbao.

Maili 286.7, Pharr Mounds: vilima vinane vya mazishi kwenye uwanja wa ekari 90, vya kati ya mwaka 1 na 200. Kabla yake, Tupelo, mnaweza kuiona nyumba ya vyumba viwili alimozaliwa Elvis Presley 1935.

Maili 327.3, Colbert Ferry, ukingo wa mto Tennessee, ambapo George Colbert, kiongozi wa Wachickasaw, alivusha wasafiri kwa kivuko. Miaka ya 1830 watu wake walihamishwa kwa lazima kwenda magharibi.

Maili 385.9, kaburi la Meriwether Lewis, mvumbuzi wa nchi za magharibi mwa Marekani aliyefariki hapa kwa risasi tarehe 11 Oktoba 1809. Mnara wake wa 1848 ni nguzo iliyokatwa juu kwa makusudi, ishara ya maisha yaliyokatika mapema. Maili 404.7, Jackson Falls: njia ni futi 900 tu lakini mteremko ni mkali na saruji huteleza ikiloa. Vaeni viatu vyenye meno.

Kulala, kula, kuumwa

Kuna kambi tatu za bure, Rocky Springs, Jeff Busby (maili 193.1) na Meriwether Lewis. Hazina umeme wala bafu, na anayefika kwanza ndiye anayepata. Hakikisheni kwanza kwenye tovuti ya hifadhi kwamba ziko wazi, na kwamba hakuna kipande cha barabara kilichofungwa kwa matengenezo. Jumapili na Jumatatu migahawa mingi ya miji midogo hufungwa, kwa hiyo Jumamosi nunueni chakula cha siku mbili na barafu ya sanduku.

Kila baada ya kutembea kwenye nyasi kaguaneni kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, nyuma ya masikio. Hapa uwili una faida kubwa. Mmea wenye majani matatumatatu msiushike, unawasha kuliko upupu na malengelenge yake hudumu wiki kadhaa. Vichuguu vidogo vya udongo uliolegea ni vya sisimizi wanaouma kama moto; angalieni kabla ya kutandika mkeka.

Maili sita za mwisho

Maili 438 mtavuka daraja la matao mawili, lililokamilika 1994, lenye urefu wa futi 1,572 na kimo cha futi 150 hivi. Mkiwa juu yake hamlioni. Egesheni kwenye kituo cha upande wa kaskazini kwanza, kisha teremkeni barabara ya 96 mlitazame kutoka chini, ambako matao yanaonekana yote mawili. Baada ya hapo barabara huishia ghafla kwenye barabara ya 100. Jazeni mafuta hapo kabla ya kuingia msongamano wa Nashville, mtunze risiti, na mpige picha ya tangi na ya gari pande zote nne kabla ya kukabidhi funguo.