Kutoka Uwanja wa Ndege wa Dubai hadi Deira: Metro au Teksi?

Msafiri anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwenda Dubai kununua bidhaa mara nyingi hufikia Deira, kwa kuwa maduka ya jumla, ofisi za kusafirisha mizigo na hoteli za bei nafuu zimesongamana huko, karibu na Naif na Baniyas. Kutoka uwanja wa ndege hadi Deira ni kilomita chache tu. Namna ya kuzimaliza kilomita hizo huamuliwa na mambo matatu ambayo msafiri anaweza kuyajua kabla hajatoka nyumbani: jengo la abiria atakalotua, saa atakayotua, na mizigo aliyobeba.

Tiketi yako ndiyo itakayokuambia jengo. Emirates hutumia Jengo la 3, na mashirika mengi ya kigeni, yakiwemo Kenya Airways, hutumia Jengo la 1. Majengo haya mawili kila moja lina kituo chake cha metro, ambacho unakifikia kwa miguu bila kutoka nje kwenye jua. Jengo la 2, linalotumiwa zaidi na flydubai, liko upande wa pili wa njia za kurukia ndege na halina kituo cha metro. Kwa kuwa baadhi ya safari za flydubai hutua Jengo la 3, usilikisie jengo kwa jina la shirika peke yake. Anayetua Jengo la 2 na mizigo, kwa maoni yangu, asijisumbue kutafuta treni, apande teksi.

Saa ndiyo huwaponza wengi. Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na metro haitembei usiku kucha. Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi pia, treni huanza saa kumi na moja alfajiri na kukoma saa sita usiku. Ijumaa huendelea hadi saa saba usiku. Jumapili huanza saa mbili asubuhi. Mimi niliwahi kutua alfajiri ya Jumapili nikiwa na hakika kwamba treni zinatembea, nikajikuta nimekaa juu ya sanduku langu mbele ya lango lililofungwa. Kumbuka pia kwamba saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kugusa ardhi: foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo vinaweza kula saa nzima, kwa hiyo anayetua saa tano usiku asiitegemee metro.

Ikiwa saa inaruhusu, metro ndiyo nafuu kuliko vyote. Nunua kituoni kadi ya nol, yaani kadi ya kulipia nauli. Ile ya rangi ya fedha huuzwa dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni salio la nauli. Ukiwa nayo, safari ndani ya kanda moja ya nauli ni dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, na zaidi ya hapo ni 7.5. Tiketi nyekundu ya karatasi ni ghali kidogo kwa kila safari, na haimfai mtu atakayekaa siku kadhaa. Gusisha kadi langoni unapoingia na tena unapotoka.

Vituo vyote viwili vya uwanja wa ndege viko kwenye Njia Nyekundu. Usipande treni inayokwenda Centrepoint, maana hiyo inakupeleka mbali na Deira. Ukielekea upande sahihi kutoka Jengo la 1 utapita Al Garhoud, City Centre Deira na Al Rigga, kisha ufike Union. Hapo Union ndipo Njia Nyekundu inapokutana na Njia ya Kijani, na anayekwenda Baniyas Square hubadilisha treni hapo bila kulipa nauli upya. Angalia alama za sakafuni kabla ya kuingia, kwa sababu kuna sehemu ya wanawake na watoto na nyingine ya daraja la dhahabu, yaani la nauli ya juu, na anayekosea hutozwa faini. Kula, kunywa na hata kutafuna jojo ndani ya treni pia kuna faini.

Teksi rasmi husimama kwa foleni nje ya mlango wa kuwasili. Mita ya teksi inayotoka uwanja wa ndege huanzia dirhamu 25, na hadi Deira, barabara zikiwa wazi, jumla kwa kawaida haivuki 50. Teksi zenye paa la waridi huendeshwa na wanawake kwa ajili ya abiria wanawake na familia. Mtu anayekufuata ndani ya ukumbi akikutajia bei ya gari lake, mshukuru na uendelee na safari yako hadi kwenye foleni. Kwa nauli hii badilisha dola chache tu uwanjani. Dola moja ni takriban dirhamu 3.67, na maduka ya kubadilisha fedha ya Deira kwa kawaida hukupa kidogo chini ya hapo, lakini hayakati sana kama yale ya uwanjani.

Kuhusu mizigo, wafanyabiashara wetu wana bahati ya aina yake: huingia Dubai na sanduku tupu lililofichwa ndani ya sanduku jingine, na metro huruhusu sanduku moja kubwa na begi dogo moja kwa kila abiria. Siku ya kurudi mambo hugeuka. Masanduku yote mawili yamejaa hadi zipu zinalia, na treni haikufai tena. Agiza teksi kubwa kupitia hoteli, na kabla dereva hajaondoka mtajie namba ya jengo lako, kwa sababu ukishushwa Jengo la 3 wakati ndege yako iko la 2, itabidi uzunguke uwanja mzima na mizigo hiyo.